KISU CHA MFUKONI: NAMNA YA KUCHAGUA KISU CHA KUKUNJA

Kisu ni zana iliyotangulia chuma chenyewe. Katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, wataalamu wa mambo ya kale wamefukua vipande vya mawe vyenye makali, vilivyopasuliwa kwa makusudi yapata miaka 1,800,000 iliyopita. Kisu cha kukunja nacho si kitu cha jana, kwani Warumi wa kale walikuwa nacho. Sababu ya kukitengeneza haijabadilika tangu hapo: makali yanayochukuliwa mfukoni hayana budi kuwa na ala, na katika kisu cha kukunja mpini wenyewe ndio ala.

Lakini papo hapo penye manufaa ndipo penye hatari. Ala ya kisu cha kukunja inashikwa kwa vidole vinne wakati wa kazi. Kiungo kikiachia, bapa hurudi ndani ya ala, nalo hukuta vidole njiani. Mikato mibaya ya vidole ihusianayo na visu vya namna hii hutokea hivyo, au hutokea kwa sababu makali yalikuwa butu na mtu akatumia nguvu kupita kiasi.

Mnunuzi aghalabu hutazama mambo mawili tu: mng'aro na bei. Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji kwamba mng'aro hausemi lolote juu ya ubora wa kisu, na kwamba kisu kinachofaa si lazima kiwe kigumu kuliko vyote wala cha ghali kuliko vyote. Kinachofaa ni kile ambacho mwenyewe aweza kukinoa, na ambacho kiungo chake kinalingana na kazi yake. Ili kulifahamu jambo hili, yatupasa kuanza na swali dogo.

KWA NINI KISU HUKATA?

Kukata ni suala la kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Tuchukue mfano wa mtu anayekata kamba ya katani. Anakisukuma kisu chake kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 1, na sentimeta 2 za makali ndizo zinazogusa kamba. Ikiwa makali yamenolewa vizuri hata ukingo wake una unene wa milimeta 0.001 tu, basi eneo linalogusa ni milimeta 20 mara milimeta 0.001, yaani milimeta mraba 0.02. Kila milimeta mraba ya kamba inabeba mzigo ulio sawa na kilo 50.

Sasa tuseme makali yamelika, na ukingo umefikia unene wa milimeta 0.02. Unene huo bado ni mdogo kuliko wa unywele, na jicho haliutambui kwa urahisi. Hata hivyo eneo limekuwa milimeta mraba 0.4, na mzigo umeshuka kuwa kilo 2.5 tu kwa kila milimeta mraba. Ili apate kanieneo lile la mwanzo, mtu huyu atahitaji kusukuma kwa nguvu ya kilo 20. Kamba itakapokatika ghafla, mkono unaosukuma kwa kilo 20 hautasimama papo hapo. Utaendelea mbele, na kisu pamoja nao. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu husema kwamba kisu butu ndicho kinachojeruhi.

Pamoja na unene wa ukingo, kuna pembe ya makali. Pembe nyembamba hupenya kwa urahisi lakini hupinda au kumeguka upesi. Pembe pana hudumu lakini hupenya kwa shida. Kwa kisu cha mfukoni, pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kwa kila upande inatosha kwa kazi nyingi.

UGUMU NA USTAHIMILIVU

Bapa la kisu hutengenezwa kwa chuma cha pua, ambacho ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo. Katika visu, kaboni hiyo aghalabu huwa kati ya sehemu 0.5 na sehemu 1 katika kila 100, na kiasi hicho kidogo ndicho kinachokiwezesha chuma kutiwa matiko. Mhunzi hukipasha moto mpaka kiive na kuwa chekundu, yapata nyuzi 800 za sentigredi, kisha hukitumbukiza katika maji au mafuta. Hapo huwa kigumu sana, lakini pia huwa chepesi kuvunjika kama kigae. Kwa hiyo hukipasha moto tena, safari hii kwa joto la nyuzi 200 hivi, ili apunguze ugumu kidogo na kukirudishia ustahimilivu.

Elimu ya chuma cha pua si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wazee wa Kihaya walijenga tena tanuri kwa njia ya jadi na kuyeyusha madini, na watafiti hao wakaonyesha kwamba ufundi huo uliweza kutoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua.

Ugumu na ustahimilivu ni mambo mawili tofauti, na msomaji asiyachanganye. Ugumu ni uwezo wa kukataa kubonyea na kulika. Ustahimilivu ni uwezo wa kupokea kishindo bila kuvunjika. Katika chuma kilekile, ukiongeza kimoja kwa kawaida unapunguza kingine. Hakuna kiwanda kilichokwepa sharti hili kabisa. Kila kisu ni mapatano kati ya pande hizo mbili.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, kilichoitwa kwa jina la Wamarekani Hugh na Stanley Rockwell. Ncha ya almasi hukandamizwa juu ya chuma kwa uzito wa kilo 150, kisha hupimwa imezama kiasi gani. Visu vingi vya mfukoni huwa kati ya 54 na 61 katika kipimo hicho. Visu vya Victorinox vya Uswisi, kwa mfano, hutiwa matiko kufikia 56 hivi. Kuna visu vinavyopita 60. Makali yake hudumu zaidi, lakini yakishakuwa butu huhitaji kinoo kizuri na subira nyingi, na ncha yake humeguka ikitumiwa kubandulia vitu. Mkulima au fundi mwenye kinoo cha kawaida nyumbani anafaidika zaidi na chuma cha ugumu wa kadiri, ambacho hurudishiwa makali kwa dakika chache.

KUTU, MNG'ARO NA SUMAKU

Chuma cha kaboni kitupu hushika kutu. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma chenye kromiamu nyingi ambacho hakikuliwa upesi na tindikali. Siri yake ni kwamba kromiamu huungana na oksijeni na kufanya utando mwembamba mno juu ya chuma. Utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Ili utando uwe kamili, chuma chahitaji kromiamu ipatayo sehemu 10.5 au zaidi katika 100. Visu vingi vya namna hii huwa na sehemu 13 hadi 15, kwa sababu baadhi ya kromiamu hufungwa na kaboni na haifanyi kazi ya kulinda.

Hata hivyo, chuma kisichoshika kutu ni jina lenye kutia chumvi kidogo. Chumvi ya bahari hutoboa utando huo, na kisu kilichoachwa na maji ya bahari ndani ya kiungo chake kitaota madoa hata kama kimeandikwa maneno gani. Mvuvi wa Mafia au Pemba afadhali achague chuma chenye kromiamu, na bado akisuuze kwa maji baridi kila jioni. Mkaaji wa nyanda kavu za Dodoma aweza kutumia chuma cha kaboni bila taabu nyingi, mradi akifute baada ya kukata machungwa au maembe mabichi, kwa maana tindikali ya matunda hukitia weusi.

Hapa inafaa kusahihisha imani moja iliyoenea. Watu wengi hupima kisu kwa sumaku, wakidhani kwamba chuma kikinaswa si chuma kisichoshika kutu. Kipimo hicho ni sahihi kwa vijiko na masufuria kadhaa yenye nikeli, lakini si kwa visu. Chuma cha kisu lazima kiwe cha aina inayoweza kutiwa matiko, na aina hiyo hunaswa na sumaku hata ikiwa na kromiamu tele. Bapa ambalo sumaku haikulinasa kabisa ndilo la kutiliwa shaka, kwa kuwa huenda ni la chuma laini cha kijiko.

KIUNGO NA KOMEO

Sasa tunafikia sehemu inayostahili kutazamwa kuliko zote. Kisu cha kukunja ni wenzo wenye egemeo katika pini ya kiungo. Tuseme bapa limenasa ndani ya ubao, na mtu analitikisa hata mgongo wa bapa ukapata nguvu ya kilo 2, sentimeta 6 kutoka kwenye pini. Komeo linalolizuia bapa lisijikunje liko karibu sana na pini, labda nusu sentimeta tu. Kwa kanuni ya wenzo, komeo hilo litabeba 2 mara 6, ugawe kwa 0.5, yaani kilo 24. Kipande kidogo cha chuma kinasimama kati ya kilo 24 na vidole vya mwenye kisu.

Aina za viungo zinazopatikana kwa wingi ni hizi:

(a) Kamani ya mgongoni bila komeo. Kamani hulikandamiza bapa ili likae wazi, lakini mkono ukilisukuma hujikunja. Visu vingi vya Uswisi vyenye zana ndogo ndogo ni vya aina hii. Karl Elsener wa Ibach alisajili kisu chake cha maofisa mwaka 1897, na umbo lake limeendelea mpaka leo.

(b) Komeo la mgongoni. Kamani ina jino linaloingia katika pengo la bapa. Halifunguki mpaka mtu abonyeze mgongo wa mpini. Ni imara, ila uchafu ukijaa ndani ya pengo jino haliingii sawasawa.

(c) Pete ya kuzungusha. Aina hii hupatikana katika visu vya Opinel, vilivyoanza kutengenezwa huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Pete yenyewe iliongezwa mwaka 1955. Bapa likishafunguliwa, mtu huizungusha pete ikaziba njia ya kurudi. Ni rahisi kuelewa na yafaa mkono wowote, wa kulia au wa kushoto. Udhaifu wake ni mpini wa mti, ambao hufura wakati wa masika na kulibana bapa.

(d) Komeo la ubavuni. Ubamba mwembamba wa chuma ndani ya mpini hujisogeza nyuma ya bapa linapofunguka. Hufungwa kwa mkono mmoja, lakini mara nyingi umepangwa kwa watu wa mkono wa kulia, na kidole gumba hupita katika njia ya makali wakati wa kufunga.

(e) Kamani yenye meno na pete ya kuvuta. Mfano wake ni kisu cha Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, ambayo Tanganyika ilikuwa mojawapo. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mtu huvuta pete ili kuliachilia bapa.

Je, ni lazima kisu kiwe na komeo? Jibu linategemea mwelekeo wa nguvu. Mtu anapokata kamba, anapomenya chungwa au kufungua gunia, nguvu hukandamiza makali, na hivyo hulisukuma bapa lizidi kufunguka. Kwa kazi hizo kamani tupu inatosha. Nguvu hugeuka na kulifunga bapa pale mtu anapotoboa kwa ncha, anapolitikisa bapa lililonasa, au anapogonga mgongo wake. Mwenye kazi za namna hiyo, kama vile fundi anayetoboa ngozi au mpira, anahitaji komeo. Lakini hata mwenye komeo asilitegemee kama ukuta. Kazi ya kutoboa kwa nguvu ni ya msumari wa fundi viatu, na kazi ya kubandua ni ya patasi.

UKUBWA NA UMBO

Kwa matumizi ya kila siku, bapa la sentimeta 6 hadi 8 latosha. Bapa refu huongeza urefu wa wenzo na kuitesa pini bila faida. Unene wa mgongo wa milimeta 2 hivi unafaa: bapa nene sana hupasua chungwa badala ya kulikata. Ncha iliyoshuka kidogo kuelekea makali ni imara kuliko ncha nyembamba iliyochongoka. Makali yenye meno hukata kamba za nailoni vizuri, lakini hayanoleki kwa kinoo bapa, kwa hiyo anayenunua kisu kimoja tu afadhali achague makali yaliyonyooka. Mpini uenee kiganjani vidole vinne, wala usiteleze ukilowa.

KUKIJARIBU KISU DUKANI

Ndugu msomaji, usione haya kukichunguza kisu kabla ya kulipa. Fuata hatua hizi:

1. Kifungue na kukifunga polepole mara kumi. Kamani iwe na nguvu ileile kila mara, na bapa lisikwame.
2. Shika mpini kwa mkono mmoja na ncha ya mgongo kwa mwingine, kisha ujaribu kulitikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, litacheza zaidi baada ya mwezi.
3. Kama kina komeo, weka vidole mbali na njia ya makali, kisha ukandamize mgongo wa bapa taratibu juu ya kitambaa mezani. Komeo likiachia, kirudishe.
4. Kifunge, ukitazame kwenye mwanga. Bapa liwe katikati ya mpini, na makali yasiguse chuma cha ndani.
5. Elekeza makali kwenye mwanga. Makali mazuri hayaonekani. Penye kumeta ndipo butu.
6. Ukiruhusiwa, pitisha tupa ndogo mpya juu ya mgongo karibu na kiungo. Tupa ikiteleza, chuma kimetiwa matiko. Ikiuma na kutoa unga kwa urahisi, chuma ni laini na makali hayatadumu.

KUNOA NA KUTUNZA

Weka bapa juu ya kinoo chenye maji, kisha uinue mgongo wake kwa kiasi cha theluthi moja ya upana wa bapa. Hapo utapata pembe ya nyuzi 19 na nusu hivi bila kuhitaji kipimo. Kwa bapa la upana wa milimeta 18, utainua milimeta 6. Sukuma kama anayetaka kukwangua ganda jembamba juu ya kinoo, idadi sawa kila upande, huku ukipunguza nguvu kadiri unavyomaliza. Hatimaye pitisha makali kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi.

Kuwe na hadhari na mashine za kunolea zinazozunguka bila maji. Ukingo mwembamba hupata moto kwa nukta chache tu. Chuma kikigeuka rangi ya majani makavu, kimefikia nyuzi 220 hivi. Kikigeuka buluu, kimefikia nyuzi 300 hivi, na katika chuma cha kaboni cha kawaida ugumu umekwisha kupungua mahali hapo. Rangi ikifutwa, ugumu haurudi. Kama unampelekea mnoaji wa barabarani, mwombe achovye bapa majini mara kwa mara.

Baada ya kazi, kifute kisu, ukiache wazi kikauke, kisha utie tone moja la mafuta ya cherehani katika kiungo. Toa vumbi la mfukoni kwa kijiti, hasa mahali linapokaa komeo.

USALAMA NA SHERIA

Kata ukielekeza makali mbali na mwili, na usimpe mwenzako kisu kilicho wazi, kifunge kwanza. Mtu akijikata, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia mpaka damu isimame, kisha lioshwe kwa maji safi na sabuni. Jeraha likiwa refu ndani, au kidole kikashindwa kukunjika au kikafa ganzi, aende hospitali mara moja, maana huenda mshipa au neva imekatika. Ulizia pia chanjo ya pepopunda.

Kuhusu sheria, kila nchi ina zake, na msafiri aulize kabla. Nchini Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, huruhusiwa kuchukuliwa hadharani, lakini chenye komeo huhitaji sababu halali. Safarini kwa ndege, kisu kiwekwe katika mizigo inayokabidhiwa, si katika mkoba wa mkononi. Wala kisu kisichukuliwe kwenda kwenye mikutano, viwanjani au shuleni: ni zana, na zana hukaa mahali penye kazi.

KWA UFUPI

Anza na kazi, kisha chagua kiungo, kisha chuma, na bei iwe ya mwisho. Kwa mwananchi mwenye kinoo cha kawaida, bapa la sentimeta 7, la ugumu wa kadiri, lisilocheza katika kiungo chake, litamfaa miaka mingi kuliko kisu cha ghali asichoweza kukinoa.

Maswali ya kujipima:

1. Makali yenye unene wa milimeta 0.005 yanahitaji nguvu mara ngapi kuliko yale ya milimeta 0.001 ili kupata kanieneo lilelile?
2. Kwa nini sumaku haiwezi kutenga kisu kinachoshika kutu na kisichoshika?
3. Taja kazi tatu unazozifanya kwa kisu chako kila juma. Katika kila moja, je, nguvu hulifungua bapa au hulifunga? Je, kisu ulicho nacho kinafaa?